Intaneti Isifungwe Gizani

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchini kote, nayo ilirejea baada ya siku tano hivi. Katika siku hizo hizo damu ilimwagika katika baadhi ya miji yetu. Mzazi wa Rombo mwenye kijana anayesoma Dar es Salaam, wakala wa utalii wa Moshi anayengojewa na wageni wa kupanda mlima, na mwenye duka anayeagiza bidhaa kwa simu, wote walijikuta gizani. Kilichobaki ni uvumi, na uvumi hauhitaji intaneti ili kupanda mlima.

Halikuwa jambo geni. Mkesha wa uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao kadhaa, ikiwemo Twitter na WhatsApp, ilizuiwa. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka watumiaji wa VPN, yaani programu zinazomwezesha mtu kupita vizuizi hivyo, watoe taarifa zao. Mei 2025 mtandao wa X, ndiyo Twitter ya zamani, ulifungwa. Septemba mwaka huo leseni ya JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90, muda uliomeza sehemu kubwa ya kampeni na siku ya uchaguzi yenyewe.

Hatusemi kwamba Serikali ifumbe macho. Mtandaoni wamo matapeli, wamo wachochezi, na wamo wanaowadhalilisha watoto. Mwezi huo wa Mei wahalifu waliingilia akaunti ya Jeshi la Polisi na kutangaza uongo kwamba Rais amefariki. Nchi yoyote ingeshtuka. Katiba yetu nayo, pamoja na kutoa katika Ibara ya 18 haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, inakubali katika Ibara ya 30 kwamba haki za mtu zina mipaka inayowekwa na sheria kwa manufaa ya umma. Swali letu basi si kama mlango unaweza kufungwa. Swali ni nani aufunge, kwa sababu gani, kwa muda gani, na aliyefungiwa akalalamike wapi.

Wazee wetu wa mlimani walikwisha kulijibu swali hili kabla ya kuja kwa Serikali za kisasa. Kila mzaliwa wa Kibosho, Machame au Marangu anaujua mfongo, mfereji uliochimbwa na wahenga kuleta maji ya mlima hadi kwenye vihamba. Maji yake hugawiwa kwa zamu, na mtu aliyekataa kazi ya kusafisha mfereji aweza kunyimwa zamu yake. Lakini anayefunga maji anajulikana, kosa hutajwa mbele ya wenye mfongo, na adhabu ina mwisho wake. Hakuna mzee wa mfongo anayekausha vihamba vyote vya kijiji kwa kosa la nyumba moja.

Tuyapime matukio yetu kwa kipimo hicho. JamiiForums angalau ilitajiwa kosa lake na idadi ya siku, ila chombo kilichoshtaki ndicho kilichohukumu. X ilifungwa kwanza, na maelezo kwamba inaruhusu picha za ngono yakatolewa baadaye. Na intaneti ya tarehe 29 Oktoba ilifungwa kwa wote, mwema na mwovu, mpiga kura na mpiga mawe.

Wapo watakaosema kwamba usalama hausubiri mahakama. Tunawakumbusha India, taifa lenye matatizo ya usalama makubwa kuliko yetu. Januari 2020, katika shauri la Kashmir, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba amri za kuzima intaneti lazima zitangazwe ili wananchi waweze kuzipinga, na kwamba kuzima bila ukomo hakukubaliki. Afrika Magharibi nayo, mahakama ya jumuiya ya ECOWAS iliamua Juni 2020 kwamba Togo ilivunja haki za raia wake ilipozima intaneti mwaka 2017.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa Bunge. Sheria itamke kwamba hakuna mtandao utakaofungwa ila kwa amri ya hakimu au jaji. Pale hatari isipongoja, amri ya dharura ifikishwe mahakamani katika saa chache. Amri iandikwe, itangazwe na itaje sababu na siku ya mwisho. Imlenge mkosaji, isiguse nchi nzima. Na katika majuma ya uchaguzi masharti hayo yawe makali zaidi, kwa kuwa huo ndio wakati ambapo Serikali yenyewe ipo mbele ya hakimu wake, yaani mwananchi. Mshtakiwa hapewi ruhusa ya kumziba masikio hakimu.

Serikali yenye sababu njema haina cha kupoteza kwa kuitaja sababu hiyo hadharani. Inayofunga kimya kimya huwafundisha wananchi wake jambo moja tu, kuamini minong'ono kuliko tangazo rasmi. Siku itakapotangaza jambo la kweli na la haraka, itajikuta inazungumza na watu waliokwisha kuacha kuisikiliza.