Nywele nyeupe na lugha mpya



Mara nyingi twasikia wazazi wakisema: «Kujifunza lugha ya kigeni ni kazi ya watoto. Kichwa changu kimekwisha kukauka.» Neno hilo lafanana na unyenyekevu, lakini mara nyingi ni aibu tu iliyovaa nguo ya unyenyekevu. Juma hili tulipime neno hilo kwa habari ya watu wazima waliojifunza Kihispania, wengine katika mji wao wenyewe, wengine mbali katika nchi ya Meksiko.

Katika miaka ya 1950 watu wengi wa kisiwa cha Puerto Rico walihamia New York. Kisiwa hicho ni mali ya Marekani tangu mwaka 1898, lakini watu wake husema Kihispania. Basi mgonjwa alikuwa anaungama, na padri hafahamu. Mama alikuwa anaeleza taabu ya mtoto wake, na mwalimu amtazama tu. Mwaka 1956 ikaonekana ni lazima kufundisha lugha hiyo upesi kwa watu wazima mamia kadhaa: waalimu, mapadri na wenye kazi ya kusaidia maskini.

Ivan Illich, aliyepata kuwa padri katika mji ule, alisimulia jambo hili katika kitabu chake juu ya shule kilichotoka mwaka 1971. Rafiki yake mmoja alitangaza kwa radio kwamba anatafuta watu waliozaliwa na Kihispania kinywani. Kesho yake vijana kama 200 walipiga mstari mbele ya ofisi yake. Akachagua 48, na wengi kati yao walikuwa wameacha shule. Akawaonyesha namna ya kutumia kitabu cha mazoezi kilichotungwa kwa ajili ya wajumbe wa serikali ya Marekani. Kabla ya juma kwisha, kila kijana alikuwa na wanafunzi wanne wake, wote watu wakubwa. Baada ya miezi sita kazi ilikuwa imetimizwa: Kardinali Spellman aliweza kusema kwamba katika parokia 127 kulikuwa na watumishi watatu au zaidi wawezao kusemezana na watu kwa Kihispania.

Mfikiri vema, ndugu zangu, nani alikuwa mwalimu na nani alikuwa mwanafunzi. Kijana aliyehesabiwa kuwa ameshindwa na shule alikaa mbele ya watu wenye elimu kubwa, akawaambia: «Sivyo. Rudieni tena.» Nao wakarudia. Kama mmoja wao angekataa kusahihishwa na mtoto, asingejifunza hata salamu.

Mwaka 1961 Illich alifungua nyumba ya masomo katika mji wa Cuernavaca, kusini ya mji mkuu wa Meksiko. Mwaka ule ule Papa Yohane XXIII aliomba mashirika ya watawa wa Amerika ya Kaskazini yatume sehemu ya kumi ya watu wao Amerika ya Kusini na ya Kati. Basi mapadri, masista na walei wakaenda Cuernavaca kujifunza. Asubuhi walifanya mazoezi katika vikundi vidogo pamoja na wenyeji wa nchi. Lakini Illich aliwaonya kwa maneno makali: ajaye na maneno ya Kihispania lakini ameacha moyo wake kwao, huyo hakufika bado. Aliwaambia pia kwamba lugha ina sauti na ina kimya. Na kimya cha watu, yaani kujua wakati wa kunyamaza na maana ya kunyamaza, ni kigumu kujifunza kuliko sauti. Nyumba ile iliendelea kwa sura mbalimbali mpaka mwaka 1976.

Jina lenyewe la mji ule ni fundisho. Wenyeji waliuita Cuauhnáhuac, maana yake «karibu na miti» katika lugha ya Kinahuatl. Wahispania walipofika mwaka 1521 hawakuweza kulitamka. Wakalipotosha mpaka likawa Cuernavaca, jina linalosikika kama «pembe ya ng'ombe». Wale washindi wa vita nao walishindwa na neno moja la kigeni. Basi mgeni wa leo asione haya ulimi wake ukijikwaa.

Siku hizi mji ule una shule za Kihispania, na baadhi ya wanafunzi ni watu wa miaka 60 au zaidi, waliostaafu kazi zao katika Marekani na Kanada. Hukaa majuma machache katika nyumba ya jamaa ya Kimeksiko. Shule huwapa kanuni. Nyumba huwapa desturi. Na hapo ndipo mzee ana nguvu kuliko kijana, kwa kuwa amekwisha kujua wanadamu.

Atajifunza nini nyumbani? Kwanza adabu. Kihispania cha Meksiko kina «tú» kwa rafiki na mtoto, na «usted» kwa mtu wa kuheshimiwa. Mama wa nyumba mwenye umri haitwi kwa jina tupu, bali huwekwa «doña» mbele ya jina lake; na mzee mwanamume huitwa «don». Mtu akiitwa, haitikii «Nini?» bali «¿Mande?», kana kwamba asema «Niagize.» Akipita karibu na watu wanaokula, hata wasiojulikana naye, huwaambia «Provecho», kuwatakia chakula chema. Baada ya kula watu hawaondoki mara moja; hubaki mezani wakizungumza, na mazungumzo hayo yana jina lake, «sobremesa». Mgeni akimbiliaye daftari lake mara amalizapo kula amekosa somo kubwa kuliko yote ya siku ile.

Kuna na vitendawili. Mmeksiko akisema «en su casa», yaani «nyumbani kwako», mara nyingi ana maana ya nyumba yake mwenyewe, kwa kuwa kwa heshima amekwisha kumpa mgeni nyumba hiyo. Akisema «ahorita», kamusi itasema «sasa hivi». Lakini yaweza kuwa baada ya saa moja, na pengine kesho. Kamusi haimwokoi mgeni hapo. Lazima atazame uso, asikie sauti, angoje. Na akiwapo tarehe 1 na 2 Novemba, ataona meza ya marehemu imepambwa kwa maua ya manjano, mikate na vyakula walivyovipenda wafu wa nyumba ile. Mzee aliyewazika wazazi wake, pengine na mke wake, atafahamu mambo ambayo mwanafunzi wa miaka 18 ayaona kama sikukuu tu.

Na sisi wa Kongo, je, Kihispania kiko mbali nasi? Si mbali sana. Ni lugha ya serikali katika nchi moja ya Afrika, Ginekweta, iliyopata uhuru wake tarehe 12 Oktoba 1968. Tena irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu sawasawa na zetu. Mwingereza hutaabika hapo, Mswahili hapati shida. Waarabu walitawala sehemu za Uhispania kwa karibu miaka 800, wakaacha maneno: «azúcar» na sukari yetu ni ndugu. Neno «hasta» latoka katika Kiarabu kile kile kilichotupa «hata». Wazee wetu waliposema «hata kesho», Mhispania asema «hasta mañana». Meza ni «mesa» na bendera ni «bandera», kwa maana Wareno, jirani za Wahispania, walituletea maneno hayo. Na tukitaja tomati na avoka, twatamka bila kujua maneno ya Kinahuatl yaliyopita kwa Wahispania na Wafaransa hata kufika sokoni kwetu.

Hata fumbo linalowatesa Wazungu wengi, yaani kuwa na maneno mawili ya «kuwa», halitutishi. «Soy maestro»: mimi ni mwalimu. «Estoy en casa»: niko nyumbani. «Estoy enfermo»: niko mgonjwa, kama tusemavyo sisi wenyewe kila siku. Ajuaye kutofautisha «ni» na «niko» amekwisha kuvuka nusu ya mto.

Lakini waliosoma Kifaransa wajihadhari, maana kuna maneno yenye sura moja na moyo mbalimbali. «Largo» si pana, ni ndefu. «Salir» si kuchafua, ni kutoka. «Subir» si kupatwa na mabaya, ni kupanda. «Entender» si kusikia tu, ni kufahamu. Na bibi asiseme «embarazada» akidhani amesema kwamba ameona haya: atakuwa ametangaza mimba!

Tusidanganyane: umri una bei yake. Maneno mapya huingia polepole na kutoka upesi. Masikio huchoka katika chumba chenye makelele. Mtoto mdogo atapata matamshi ya wenyeji, na mzee kwa kawaida atabaki na lafudhi ya kwao. Lakini watu wazima hufahamu kanuni za lugha upesi kuliko watoto hapo mwanzo, na wana subira, na wajua kwa nini wanajifunza. Dawa ya usahaulifu ni kurudia: maneno machache leo, yale yale kesho, tena baada ya siku tatu, tena baada ya juma. Haba na haba hujaza kibaba. Na dawa ya sikio ni kuomba bila haya: «Más despacio, por favor», polepole, tafadhali.

Ugonjwa mkubwa si usahaulifu, ni kiburi. Wako watu wakubwa wanaokaa miaka kumi ugenini wakinyamaza, kwa sababu hawataki kuchekwa siku kumi. Na nyumbani kwetu wako akina baba wasiofungua daftari la mtoto, wasije wakaonekana hawajui Kifaransa kilichomo. Mtoto aona mlango umefungwa, naye hajui kwamba nyuma yake kuna aibu tu. Adhani baba hajali.

Basi, baba na mama, jioni moja mwiteni mtoto wenu mwambie: «Nisomee ukurasa huu, unifundishe maneno matano.» Hamtashusha heshima yenu. Mtoto atakumbuka jioni hiyo, na heshima yenu itaongezeka. Nanyi wanafunzi, mkipewa kazi hiyo, msicheke. Mfundishe kwa adabu, mkijua ni nani mnayemfundisha. Kuuliza si ujinga, wala nywele nyeupe si kufuli ya kinywa.