Shirika la Mbegu Lifike Nchelenge na Pingili za Muhogo

Kila panapozungumzwa juu ya mbegu bora kwa mkulima mdogo, mawazo ya viongozi na wataalamu wengi hukimbilia kwenye mfuko wa mahindi chotara. Mfuko huo umefungwa vizuri, una nembo ya kampuni, na husafiri kwa lori kutoka Lusaka hadi duka lo lote la wilaya bila kuharibika. Hatuna ugomvi na mfuko huo. Lakini katika wilaya ya Nchelenge, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, Jimbo la Luapula nchini Zambia, chakula cha wananchi ni muhogo, na mbegu ya muhogo ni kijiti. Shirika la mbegu la umma lisilojua kushughulika na kijiti hicho litakuwa halina faida kwa watu wa mwambao huo, hata likipewa jengo zuri na magari mapya.

Muhogo si mgeni katika nchi hiyo. David Livingstone alipofika ziwani Mweru mwezi wa Novemba 1867, na baadaye kwenye makao ya Mwata Kazembe, ambako wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kutangulia, alikuta mashamba ya muhogo yamekwisha kuenea. Tangu hapo watu wa ziwa wameishi kwa mambo mawili, samaki na muhogo. Samaki wamepungua, na kila mwaka uvuvi husimamishwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaliana. Hivyo basi shamba limebeba mzigo mkubwa kuliko zamani.

Hapana budi kukumbuka jinsi muhogo ulivyosahauliwa. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali ya Rais Kenneth Kaunda iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na shirika la NAMBOARD likawa linanunua mahindi hata katika majimbo ya mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaundwa kampuni ya mbegu ya Zamseed, Serikali ikiwa na hisa zake humo, na mwaka 1984 aina mpya za mahindi kama MM603 na MM752 zikatolewa kwa wakulima. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na ya kusifiwa. Mkulima wa Luapula naye alipanda mahindi, kwa sababu mbegu, mbolea na mnunuzi vyote vilimfuata mlangoni. NAMBOARD ikavunjwa mwaka 1989, bei moja ikaondolewa, na katika miaka ya 1990 kampuni ya mbegu ikapelekwa mikononi mwa watu binafsi. Mahindi yakarudi nyuma Luapula, na mkulima akarejea kwenye muhogo wake ambao hakuna shirika lililopata kumletea mbegu yake kwa utaratibu wa kudumu.

Msomaji asiyelima muhogo huenda akauliza, kuna shida gani ya mbegu hapo? Si mkulima hukata vijiti katika shamba lake mwenyewe, au huomba kwa jirani? Ni kweli, na ndiyo shida yenyewe. Hekta moja ya mahindi yatosha kilo 20 hadi 25 za mbegu, mzigo wa baiskeli. Hekta moja ya muhogo, ikipandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, yahitaji pingili 10,000. Kila pingili ikiwa na urefu wa sentimita 25, hizo ni mita 2,500 za mashina, tena mashina mabichi, yanayokauka katika majuma machache yasipohifadhiwa kivulini. Kutoka Lusaka hadi Nchelenge kwa njia ya Serenje ni takriban kilomita 1,000. Ni mfanyabiashara gani atakayepakia mzigo wa namna hiyo? Na hata akiupakia, atauza mara moja tu, kwa kuwa mwaka wa pili mnunuzi atakata pingili zake mwenyewe na kumgawia shemeji yake bure. Hatumlaumu mfanyabiashara kwa kukwepa biashara isiyomlipa. Tunasema tu kwamba wale waliotuambia soko litafika kila mahali hawakupata kupiga hesabu ya kijiti cha muhogo.

Ukarimu huo wa kugawiana pingili ndio uliowalisha watu wa ziwa kwa vizazi vingi, wala hakuna mwenye haki ya kuudharau. Lakini maradhi nayo husafiri kwa njia hiyo hiyo. Batobato huonekana kwa macho: majani hujikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Ugonjwa wa michirizi kahawia ni mjanja zaidi. Shina laweza kuonekana lina afya, majani yakapendeza, na mwenye shamba asijue lo lote mpaka siku ya kung'oa, akute mihogo imeoza ndani, rangi ya kahawia, haifai hata kufanywa makopa. Mtaalamu H. H. Storey wa kituo cha Amani, Tanganyika, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1936, na kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa ni wa nyanda za pwani tu. Baada ya mwaka 2000 ukapanda bara, Uganda na nchi za Maziwa Makuu. Uchunguzi uliofanywa Zambia mwaka 2017 uliukuta Kaputa na Chienge. Chienge ni jirani wa Nchelenge kwa upande wa kaskazini, kwenye mwambao ule ule. Ng'ambo ya ziwa kuna Pweto na Kilwa ya Kongo, ambako mitumbwi huenda na kurudi ikiwa na samaki, makopa na ndugu. Nzi weupe husambaza virusi hivyo shamba kwa shamba, lakini anayevisafirisha mbali ni binadamu mwenye mzigo wa pingili begani.

Kwa upande wa utafiti, Serikali haikukaa bure. Kituo cha utafiti cha Mansa kilitoa aina za Bangweulu, Kapumba na Nalumino mwaka 1993, na baadaye zikafuata Mweru, Chila, Tanganyika na Kampolombo. Aina hizo hukomaa mapema zaidi, ilhali nyingi za kienyeji husubiriwa miaka miwili au mitatu. Moja yao imepewa jina la ziwa lenyewe. Basi ni jambo la kushangaza kwamba mkulima anayeliona ziwa hilo kila asubuhi aweza kuzeeka bila kupata pingili safi za aina hiyo kwa bei anayoimudu. Na neno "safi" tulizingatie sana, maana aina bora ikipandwa kwa kijiti kilichougua ni sawa na kutopanda kitu.

Wako watakaosema tunataka kuyafufua mashirika yaliyokufa kwa uzembe. Hoja yao ina uzito. Wakulima wa zama za NAMBOARD wanakumbuka mbegu na mbolea zilizofika mvua zikiwa zimekwisha kupita, na malipo yaliyochelewa kwa miezi. Shirika la aina hiyo hatulitaki. Lakini ukombozi wa muhogo wenyewe uliletwa na kazi ya umma. Kidung'ata, yule mdudu mwenye unga mweupe aliyeingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini katika miaka ya 1970, alishindwa kwa nyigu mdogo aliyetafutwa Paraguay na kuachiliwa katika nchi nyingi za Afrika, Zambia ikiwa mojawapo. Mkulima hakudaiwa hata ngwee moja. Hans Herren, aliyeiongoza kazi hiyo, akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Hakuna duka ambalo lingeweza kumuuza nyigu yule.

Kazi ya shirika tunalolitaka ni ya bustani zaidi kuliko ya ghala. Liwe na bustani mama Mansa, yenye mimea iliyopimwa virusi. Kisha bustani za pili ziwe katika kata za Nchelenge, mikononi mwa wakulima wenyewe, hasa akina mama, kwani ndio wanaoshika jembe la muhogo. Walipwe kwa kila pingili iliyokaguliwa na kupasishwa. Shina moja likitoa pingili kumi, hekta moja ya bustani hupanda hekta 10 mwaka wa pili na hekta 100 mwaka wa tatu. Hilo halihitaji lori la Lusaka. Linahitaji bwana shamba anayepita kung'oa mimea iliyougua, pikipiki, na mshahara unaolipwa kwa wakati. Tanzania, ambayo tangu mwaka 2006 ina Wakala wa Mbegu wa Serikali, imekwisha kuziingiza pingili za mihogo katika utaratibu wa kukaguliwa na kupangwa madaraja kama mbegu nyingine. Kwa hiyo njia imekwisha kufyekwa, na si mbali.

Fedha nazo zisisingiziwe. Mpango wa ruzuku ya pembejeo wa Zambia, ulioanza mwaka 2002, umekuwa ukila sehemu kubwa ya bajeti ya kilimo, na mahindi ndiyo yaliyopewa kipaumbele. Mwezi wa Februari 2024 ukame ulipoyaunguza mahindi hayo, Rais Hakainde Hichilema alitangaza hali ya maafa ya kitaifa. Muhogo huvumilia jua kuliko mahindi, lakini hauwezi kuvumilia michirizi kahawia. Sehemu ndogo tu ya ruzuku hiyo ingetosha kwa bustani tunazozitaja, pamoja na mkaguzi katika bandari za Nchelenge na Kashikishi wa kuwaeleza wasafiri, kwa lugha wanayoielewa na bila kuwatoza faini, kwa nini mzigo wa pingili zisizojulikana uchomwe na wao wapewe nyingine badala yake.

Mvua za Luapula huanza Novemba. Bustani zikipandwa mwanzo wa mvua, mashina yake ya kwanza yatakuwa tayari kukatwa mvua zinazofuata, wakati wavuvi wanapopandisha mitumbwi yao nchi kavu na kushika jembe wakingojea mwezi wa Machi.