Acheni Kuisubiri Januari

Desemba ikianza kuyoyoma, imani moja husikika kuanzia mimbarini hadi kwenye vijiwe vya kahawa: mwaka mpya ndio wakati wa kubadilika. Mtu aliyeshindwa kuacha sigara tangu Pasaka hujiambia kwamba ataiacha tarehe 1 Januari. Aliyekusudia kuandika, kuweka akiba au kufanya mazoezi hununua shajara mpya, huorodhesha maazimio kumi na kuyatangaza kwa ndugu na marafiki. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kwa nini iwe siku hiyo. Imani hii ni potofu, na upotofu wake una gharama. Inawafanya watu waahirishe lile ambalo wangeweza kulianza leo, kisha inawapangia walianze katika mwezi ambao kwa wengi wetu ni mgumu kuliko yote.

Tuanze na tarehe yenyewe. Hakuna kitu mbinguni wala ardhini kinachoanza upya tarehe 1 Januari. Siku hiyo ilipata cheo chake kwa sababu za kiutawala: tangu mwaka 153 kabla ya Kristo, makonsuli wa Roma walianza kushika madaraka siku hiyo, na Julius Caesar alipoirekebisha kalenda akaiacha palepale. Uingereza ilihesabu mwaka wake wa kisheria kuanzia 25 Machi, hadi sheria ilipobadilishwa na mwaka 1752 ukaanzia Januari. Mwaka wake wa kodi, unaoanza 6 Aprili hadi leo, ni masalia ya utaratibu huo wa zamani. Ethiopia huukaribisha mwaka mpya Septemba. Serikali za Tanzania, Kenya na Uganda, ambazo hutuhimiza kupanga mipango, zenyewe huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. Mkulima wa Nyanda za Juu Kusini naye huanza msimu na mvua za mwisho wa mwaka, na Januari humkuta shambani akipalilia. Kwa mwalimu na mwanafunzi Januari ni mwanzo wa kweli, maana shule ndipo zinapofunguliwa. Sisi wengine tunaazima mwanzo usio wetu, huku kazi zetu zikiwa na misimu yake.

Wapo watakaosema kwamba kusherehekea mwaka mpya ni desturi ya wanadamu wote, na kwamba lazima ina faida yake. Ni kweli, lakini tutazame desturi hiyo ilivyokuwa hapa kwetu. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa huadhimishwa mwezi Julai. Wanaume hutandikana kwa migomba hadharani ili kumaliza chuki za mwaka uliopita, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto huku mtu akiwa ndani, naye hutoka mbio na watu wakashangilia kwamba amesalimika. Hapo haahidi mtu kwamba mwakani atakuwa mpole. Ugomvi humalizwa siku hiyohiyo, mbele ya yule uliyegombana naye, na kijiji kizima kikishuhudia. Mwaka mpya wa namna hiyo hufunga hesabu za nyuma. Azimio la Januari linafanya kinyume chake: mtu anakopa sifa za miezi 12 ijayo, anazifurahia usiku wa mkesha, kisha deni linabaki kwake peke yake.

Deni hilo linaangukia mwezi gani? Mishahara mingi ya Desemba hutangulizwa kabla ya Krismasi, ikaliwa kwa sikukuu, nauli za kwenda kwao na michango ya harusi. Mpaka mshahara wa Januari utoke, wiki tano au zaidi zimepita. Katikati yake kuna sare, viatu, madaftari na ada kwa wenye watoto katika shule binafsi, na kwa mpangaji mwenye bahati mbaya kuna kodi ya nyumba ya miezi mitatu au sita inayodaiwa kwa mkupuo. Wakenya wameubatiza mwezi huo Njaanuari, na hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Ndipo katika mwezi huo mama anaazimia kuanza kuweka akiba, na kijana anaazimia kulipia mazoezi ya viungo. Wakishindwa tunawaita wavivu. Lakini mtu asiyeweza kuweka akiba Januari huenda angeiweka bila shida Machi, mambo yakishatulia, kama asingekuwa ameshajihukumu kwamba mwaka umemshinda.

Upande wa pili una hoja nzito, na haifai kuikwepa. Mwaka 2002 John Norcross na wenzake, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha utafiti uliowalinganisha watu walioweka maazimio ya mwaka mpya na wengine waliokuwa na matatizo kama yao lakini hawakuazimia. Baada ya miezi sita, asilimia 46 ya walioazimia walikuwa bado wanaendelea vizuri, dhidi ya asilimia 4 tu ya wenzao. Watetezi wa Januari huishika takwimu hiyo kama ngao. Lakini tuitazame vizuri. Kundi la pili lilikuwa la watu waliotamani kubadilika siku moja, si la watu walioamua kubadilika siku nyingine. Kwa hiyo tunachojifunza ni kwamba kuamua kunashinda kutamani, na hilo halina mpinzani. Ili kuitetea Januari tungehitaji kuwalinganisha walioamua Januari na walioamua, tuseme, Mei, na utafiti huo haukufanya hivyo.

Hoja ya pili inatokana na kazi ya mwaka 2014 ya Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis. Walionyesha kwamba watu huchangamkia malengo yao zaidi tarehe inapoonekana kufungua ukurasa: waliongezeka wanaotafuta habari za kupunguza unene kwenye Google, na wanafunzi waliongezeka katika ukumbi wa mazoezi wa chuo. Wanaosema tarehe hutia hamasa hawajakosea. Ila watafiti hao waliikuta hamasa hiyo pia mwanzoni mwa wiki, mwanzoni mwa mwezi, mwanzoni mwa muhula na baada ya siku ya kuzaliwa. Kama Jumatatu nayo hutia hamasa, basi mwaka una nafasi zaidi ya 50 za kuanza, na anayeshikilia moja tu anajinyima zilizobaki. Tena hamasa ya kuanza haimfikishi mtu mbali. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12 kila mmoja akijenga zoea moja dogo. Kwa kawaida ilichukua siku 66 hivi mpaka zoea likae, na makadirio yalitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254. Aliyeanza tarehe 1 Januari angefika siku ya 66 Machi, wakati shajara nyingi zimeshatupwa. Na jambo la kutia moyo ni hili: kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Azimio la mwaka halijui msamaha huo. Ukiahidi kuandika kila siku ya mwaka, ukakosa tarehe 9, ahadi imekwisha kuvunjika, na mwaka mwingine uko mbali.

Hapo ndipo madhara makubwa yanapozaliwa. Janet Polivy na Peter Herman wa Toronto wameeleza mzunguko wa matumaini ya uongo: mtu hutegemea kubadilika sana, upesi, na kwa urahisi; akishindwa hujilaumu kwamba hakujitahidi, halafu anarudia mpango uleule badala ya kuutilia shaka. Desturi ya Januari inaupa mzunguko huo ratiba. Anayeshindwa Februari hapati sababu ya kusahihisha mpango wake, kwa kuwa ameambiwa kwamba wakati wa kusahihisha ni mwakani. Na kuanzia Oktoba hajisumbui tena, maana "mwaka umeshaisha". Hivyo mtu anaweza kupitisha robo ya mwisho ya kila mwaka akila, akivuta na kutumia kuliko kawaida, akiwa na dhamiri safi kabisa kwa sababu kuna azimio linakuja.

Kuna atakayeuliza: basi tusipange? Tupange, lakini kwa kalenda ya kazi yenyewe. Mfanyabiashara wa mazao apange kwa kufuata mavuno, mwenye mshahara aanze akiba katika mwezi usio na ada wala kodi, na anayetaka kuandika aache kuhesabu kurasa za mwaka mzima. Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi ya utafiti kwamba nia iliyofungwa kwenye wakati na mahali hutekelezwa zaidi kuliko nia iliyoachwa hewani. "Mwaka huu nitaandika" ni nia ya hewani. "Watoto wakishalala, kabla sijagusa simu, nitaandika aya moja mezani pa chakula" ni mpango, na haujali kama leo ni Januari au Agosti. Kipimo chake ni rahisi. Chukua azimio lolote ulilonalo, ujiulize kama ungekubali kulianza Jumatano ya kawaida katikati ya Mei. Kama ungekubali, huna sababu ya kulingoja mpaka mwaka ugeuke. Kama usingekubali, basi ni kubwa mno au hulitaki kweli, na kalenda haiwezi kukusaidia kwa lolote kati ya hayo mawili: lipunguze, au liache.