Fundi wa Simu Usiyemwita

Ndugu mkulima, mtu usiyemjua akiingia bomani mwako na kusema, "Ng'ombe wako ni mgonjwa, nipe ufunguo wa ghala nimtibu," je, utampa? Hata kidogo! Utamwuliza ni nani aliyemwita, na tangu lini ng'ombe akatibiwa kwa ufunguo wa ghala. Lakini siku hizi wako wakulima wanaotoa ufunguo huo kwa simu.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha za maziwa na mahindi hulala ndani ya simu. Simu imekuwa ghala, na namba ya siri ndiyo ufunguo. Mwizi anajua hivyo. Anakupigia kwa sauti ya adabu, akisema yeye ni fundi wa kampuni, laini yako ina kasoro, nayo itafungwa leo usipoitengeneza. Anakukataza kukata simu. Anataka ubonyeze namba anazozitaja, moja moja. Tazama hila yake: ile anayoiita "namba ya matengenezo" ni namba ya simu ya mwenzake, na ile anayoiita "namba ya kufungulia" ni hesabu ya shilingi. Mwisho anakuomba utie namba yako ya siri. Hapo umempelekea fedha kwa mkono wako mwenyewe.

Basi shika haya. Mtumishi wa kweli wa kampuni haulizi namba ya siri kamwe. Usimsomee mtu namba iliyokujia kwa ujumbe, wala usibonyeze usichokielewa. Akikuharakisha, kata simu bila haya. Ukiwa na shaka, ipigie kampuni wewe mwenyewe. Wenye laini ya Safaricom ya kulipia kabla wapige 100.

Tena liko jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko yote. Wengi walioibiwa hunyamaza, wakiogopa kuchekwa. Mimi nasema, anayewacheka anamsaidia mwizi, maana kesho jirani ataibiwa kwa maneno yale yale. Kama umeibiwa, iarifu kampuni mara moja, nenda polisi, kisha simama katika mkutano wa chama cha ushirika ueleze ulivyodanganywa. Hiyo si aibu, ni kuwalinda wenzako. Mficha maradhi, kilio humfichua.