Muuguzi mmoja, wagonjwa thelathini: Usafi utatoka wapi?

Ndugu msomaji, ukiingia wodini ukamkuta mzee wako ana kidonda cha mgongo kwa kulala muda mrefu, na shuka limelowa, neno la kwanza kukutoka mdomoni ni kwamba wauguzi wa siku hizi hawana huruma. Wapo wasio na huruma, na hao wawajibishwe. Lakini leo katika safu hii ya afya na usafi, tuweke hasira pembeni tupige hesabu.

Tuchukue mfano wa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 30 katika zamu ya saa 8. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009 unamtaka anawe mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Akimhudumia kila mmoja mara mbili tu, atanawa mara 120. Kunawa vizuri kwa maji na sabuni huchukua kama dakika moja. Hizo ni saa 2 za kunawa peke yake.

Sasa, kati ya hao 30, chukulia 10 hawawezi kujigeuza. Kwa kawaida mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda. Hiyo ni mara 40 kwa zamu, na kila mara dakika 5, jumla saa 3 na dakika 20. Muuguzi amebakiwa na saa 2 na dakika 40, yaani dakika 5 kwa kila mgonjwa, za dawa, sindano, chakula, kubadilisha shuka na kuandika faili. Yeye mwenyewe hajala. Je, unadhani ataacha lipi? Ataacha kunawa, na ataacha kumgeuza mzee wako.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2002 Profesa Linda Aiken na wenzake wa Marekani walitoa utafiti wa hospitali 168 za Pennsylvania, wakaona kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Jimbo la California likaanza mwaka 2004 kutumia sheria inayoweka kikomo cha wagonjwa kwa muuguzi mmoja.

Na sisi je? Katika miaka ya 1990 Serikali ilisimamisha ajira nyingi, za afya zikiwemo. Mwaka 2006 WHO iliitaja Tanzania miongoni mwa nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Pengo la namna hiyo halizibwi kwa mabango ya "Nawa Mikono" ukutani.

Kwa wenzetu wa Iwawa na Makete nzima mzigo huu una sura yake. Utafiti wa mwaka 2011-12 ulionesha mkoa wa Njombe ukiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 14.8. Tunashukuru kwamba dawa za kufubaza virusi zimewabakisha watu hai. Lakini aliye hai anazeeka, na uzee unakuja na shinikizo la damu, kisukari na kiharusi. Matunzo yake ni ya miaka, si ya wiki. Makazi ya wazee ya Serikali kama Nunge ya Kigamboni na Fungafunga ya Morogoro yako mbali na milima ile, na wengi wasingependa kwenda huko. Mgonjwa anabaki nyumbani na bibi aliyekwisha kulea wajukuu yatima. Muuguzi wa zahanati ndiye angewatembelea, lakini akipanda mlima, nani atabaki zahanati?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya wazee kupata huduma za afya, na tumeona madirisha yao yakifunguliwa. Dirisha lisilo na mtu nyuma yake ni tundu tu ukutani.

Basi, ndugu msomaji, kwenye mkutano wa kijiji usiishie kuuliza kama jengo la zahanati limekwisha. Uliza ikama inataka wauguzi wangapi, waliopo ni wangapi, na wanalala wapi, maana nyumba ya mtumishi ikikosekana naye huomba uhamisho. Ukimuuguza ndugu yako, mwombe muuguzi akufundishe kumgeuza na kumsafisha, na unawe mikono kabla na baada.

Muuguzi mkali tumlaumu, ni haki yetu. Lakini tukimaliza kumlaumu, tumdai aliyempa wagonjwa 30.