Voi ina reli, viwanda viko wapi?

Voi ina barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, reli ya tangu zama za mkoloni, na tangu 2017 stesheni ya SGR. Bandari iko umbali wa kilomita 150 hivi. Mji wa viwanda ungetaka nini tena?

Mali ipo. Mkonge wa Mwatate sehemu kubwa huenda ng'ambo ukiwa nyuzi. Tsavoraiti, kito chenye jina la Tsavo, aghalabu huuzwa jiwe ghafi likachongwe kwingine. Mboga za Mghange na Wundanyi twazila sisi wa Mombasa, lakini msimu ukifurika mkulima hukubali bei yoyote, maana nyanya haingoji.

Ardhi nayo haiongezeki. Mbuga za Tsavo, zilizotengwa 1948, zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti. Kwa hiyo ajira ya vijana haitatoka kwenye mashamba mapya, bali kwenye kusindika kilichopo: nyuzi zisokotwe kamba, nyanya zitiwe makoponi. Kituo cha vito kipo Voi. Mawe yapitie hapo kwanza.

Wanaokuja kuomba kura 2027 waulizwe hilo kabla ya kupigiwa vigelegele.