Mgonjwa wa soriasisi apimwe presha

Mtu mwenye soriasisi akifika kliniki ya ngozi, hukaguliwa viwiko, magoti, kichwa na kucha. Huandikiwa mafuta ya kupaka, pengine na vidonge, kisha akapangiwa tarehe ya kurudi. Mkono ule ule unaotazamwa magamba yake ungeweza kufungwa mkanda wa kupimia presha, kazi ya dakika chache tu, lakini mara nyingi hilo halifanyiki kwa kuwa presha huhesabiwa kuwa shughuli ya kliniki nyingine. Utaratibu huo haufai. Kupima shinikizo la damu kunapaswa kuwa sehemu ya matibabu ya soriasisi tangu siku ya kwanza, hata kama mgonjwa hajalalamika kuumwa kichwa wala kizunguzungu.

Soriasisi haiambukizi, na wala haiishii kwenye ngozi. Hutokea pale kinga ya mwili inapochachamaa hadi seli za ngozi zikazaliana kwa kasi isiyo ya kawaida, na kemikali zinazochochea hali hiyo husafiri katika damu na kuweza kudhuru kuta za mishipa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013, uliojumlisha tafiti 24 zenye watu takriban milioni 2.7, ulionyesha kuwa uwezekano wa kuwa na shinikizo la juu la damu ni mara 1.3 kwa wenye soriasisi hafifu na karibu mara 1.5 kwa wenye soriasisi kali, wakilinganishwa na wasio nayo. Mwaka 2015 utafiti wa Uingereza ukaongeza jambo zito zaidi: miongoni mwa watu ambao tayari wana presha, wale ambao soriasisi yao imeenea sana mwilini ndio walioelekea zaidi kuwa na presha isiyodhibitiwa.

Wapo watakaosema kwamba chanzo si soriasisi, bali ni umri, unene, sigara na pombe. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, kwani mambo hayo huonekana kwa wingi miongoni mwa wagonjwa hawa. Hata hivyo, utafiti wa wauguzi wanawake wa Marekani uliotolewa mwaka 2009 ulizingatia umri, uzito na uvutaji sigara, na bado wenye soriasisi walibaki na hatari ya kupata presha iliyozidi kwa asilimia 17. Isitoshe, tukikubali kwamba unene ndio wenye lawama zote, je, mgonjwa mnene hastahili kupimwa? Zipo pia dawa za kuangaliwa. Siklosporini, inayotumika kutuliza soriasisi kali, hupandisha presha. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wagonjwa wanaoumwa viungo hununua wenyewe duka la dawa, nazo zaweza kuipandisha. Daktari asiyejua presha ya mgonjwa wake anaandika dawa hizo kwa kubahatisha.

Wengine watasema tafiti hizo ni za ughaibuni, na kwamba foleni zetu ni ndefu. Lakini presha si ugeni kwetu: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 na ule wa Kenya wa 2015 uliikuta kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne, na huko Kenya zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Mahali ambapo watu wengi hivyo hawajui hali yao, kila ziara ya mgonjwa wa kudumu ni fursa isiyopaswa kupotea. Mashine haihitaji daktari bingwa. Muuguzi humketisha mgonjwa kwa dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu imekanyaga sakafu, mkono umewekwa usawa wa moyo, kisha hupima mara mbili. Akisoma 140 kwa 90 au zaidi, hamtangazi kuwa mgonjwa wa presha papo hapo, bali humwita siku nyingine ili kuthibitisha.

Kwa hiyo wizara za afya ziliweke jambo hili katika miongozo ya matibabu ya ngozi, na vyuo, kikiwemo kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kinachofundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, viwazoeze wanafunzi kuandika namba ya presha kando ya maelezo ya magamba. Nawe msomaji mwenye soriasisi, usiache dawa zako kwa hofu, wala usisubiri mwongozo utoke. Siku ya kliniki ikifika, omba upimwe presha, na namba utakayopewa uiandike kwenye daftari lako.